Mnyonge na Maskini: Tatizo la Msikilizaji katika Albamu ya Remmy Ongala, Songs for the Poor Man (1989)

1.0 Utangulizi

Mwaka 1989 Remmy Ongala na bendi yake, Orchestre Super Matimila ya Dar es Salaam, walitoa albamu iitwayo Songs for the Poor Man chini ya lebo ya Real World ya Uingereza. Lebo hiyo ilianzishwa mwaka huohuo na mwanamuziki Peter Gabriel kwa kushirikiana na waandaaji wa tamasha la WOMAD, na kazi zake zilisambazwa na kampuni kubwa ya Virgin. Albamu hiyo ndiyo iliyoitoa bendi katika kumbi za baa za Dar es Salaam na kuifikisha kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani ambao wengi wao hawakujua hata neno moja la Kiswahili.

Ni rahisi kuisifu albamu hii kwa ufundi wa magitaa yake, na ni rahisi vilevile kuisifu kwa sababu tu ilifika mbali. Sifa za namna hiyo zinaliacha kando swali ambalo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hana budi kuliuliza: matini ya wimbo huwaje inapouzwa kwa mtu asiyeielewa? Makala haya yanajadili swali hilo. Hoja kuu ni kwamba albamu hii ilivuka mipaka bila kumbadilisha msikilizaji iliyemkusudia. Mnunuzi alikuwa mgeni, lakini aliyesemeshwa alibaki kuwa mnyonge wa Kiswahili. Mabadiliko ya kweli yalitokea baadaye, katika albamu ya Mambo ya mwaka 1992, na yalionekana kwanza katika lugha yenyewe.

2.0 Usuli wa Albamu

Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, iliyoongozwa na mjomba wake, Mzee Makassy. Makassy walipohamia Nairobi, Remmy alibaki Dar es Salaam na kuingia katika Orchestre Matimila, bendi iliyobeba jina la kijiji kimoja cha kusini mwa Tanzania. Baadaye bendi hiyo iliitwa Super Matimila, naye akajulikana kwa jina la Dokta. Umaarufu wake mtaani ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kituo cha basi karibu na makazi yake kiliitwa Sinza kwa Remmy.

Mazingira ya kiuchumi ya bendi za wakati huo yanahitaji kuelezwa, kwa kuwa yanahusiana moja kwa moja na hoja ya makala haya. Bendi nyingi kubwa za Tanzania zilikuwa mali ya mashirika ya umma: NUTA, baadaye JUWATA, ilikuwa chini ya jumuiya ya wafanyakazi, na Mlimani Park ilipata kumilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Super Matimila haikuwa na mlezi wa aina hiyo. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara, nayo ilizirekodi nyimbo za bendi katika studio zake na kuzitangaza, lakini urushaji huo haukumpa mwanamuziki santuri ya kuuza. Aliyetaka santuri alivuka mpaka kwenda Nairobi, kulikokuwa na studio, viwanda vya kukandamiza santuri na wafanyabiashara. Ndiyo sababu msikilizaji wa Kenya aliifahamu vizuri dansi ya Tanzania kupitia santuri za Nairobi na idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Kenya.

Safari ya kwenda kwenye kampuni za Ulaya haikuanzia kwa Remmy. Virgin ilikuwa imetoa Agwaya ya Orchestra Makassy mwaka 1982, kisha Kaivaska ya Orchestra Super Mazembe mwaka 1983, zote za bendi zilizofanya kazi Nairobi. Super Matimila wenyewe walialikwa katika ziara ya WOMAD mwaka 1988, na mwaka huohuo nyimbo zao za awali zikakusanywa katika Nalilia Mwana. Songs for the Poor Man ilitofautiana na mkusanyo huo kwa kuwa ilirekodiwa katika studio ya Real World nchini Uingereza kwa ajili ya soko la dunia. Kwa hiyo hapa ndipo ingetarajiwa kwamba mtunzi angebadili usemi wake.

3.0 Mnyonge na Maskini

Kichwa cha albamu ni cha Kiingereza, na maana yake ni nyimbo kwa ajili ya mtu maskini. Ndani ya albamu hiyohiyo upo wimbo wenye kichwa "Sauti ya Mnyonge". Vichwa hivi viwili vinaonekana kama tafsiri ya kila kimoja, lakini sivyo.

Maskini ni mtu asiye na mali. Neno hilo linapima mfuko. Mnyonge ni mtu asiye na nguvu mbele ya mwenye nguvu. Neno hilo linapima uhusiano. Mtu anaweza kuwa maskini peke yake kisiwani, lakini hawezi kuwa mnyonge pasipokuwa na mtu anayemwonea, anayempuuza au anayemnyima zamu ya kusema. Kiswahili kinaujua ukweli huu tangu zamani, na kimeuweka katika methali isemayo "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Methali hiyo inalicheza neno mnyonge pamoja na kitenzi nyonga, na kwa kufanya hivyo inamweka mnyonge mbele ya watu wanaoamriwa. Wapo wanaonyonga, yupo anayenyongwa, na ipo haki inayodaiwa hata baada ya kifo. Neno maskini halina mahakama ya aina hiyo ndani yake.

Remmy aliielewa tofauti hii. Kabla ya albamu ya Real World alikuwa amekwisha kutunga "Mnyonge Hana Haki", wimbo uliomo katika Nalilia Mwana, ambao kichwa chake ni jibu la uchungu kwa methali iliyotajwa. Methali inaagiza mnyonge apewe haki yake. Wimbo unatangaza kwamba hanayo. Katika "Sauti ya Mnyonge" mtunzi anakwenda hatua moja mbele. Kinachokosekana sasa ni sauti, yaani uwezo wa kudai haki hiyo. Zikisomwa pamoja, nyimbo hizi mbili zinafanya mjadala unaoendelea, na mjadala huo unafuatika kwa mtu anayeikumbuka methali.

Inafaa kulinganisha kichwa hiki na Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla iliyotoka mwaka 1973 baada ya mshairi huyo kufungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Diwani hiyo inaiita sauti kwa jina la hali, yaani dhiki. Wimbo unaiita kwa jina la mtu. Abdilatif ana lugha ya kimapokeo ya Kimvita, yenye vina na mizani, na amefungwa kwa sababu ya kauli yake. Msemaji wa Remmy hana diwani wala kesi, na hakuna anayejishughulisha kumfunga kwa kuwa hakuna anayemsikiliza. Hizi ni aina mbili za kunyamazishwa, na fasihi ya Kiswahili ya nusu ya pili ya karne ya 20 haielezeki vizuri bila zote mbili.

Jalada la albamu, kwa hiyo, lilimpa mnunuzi wa Ulaya maskini, kiumbe wa kuhurumiwa. Wimbo uliendelea kumsemesha mnyonge, kiumbe wa kutendewa haki. Huruma na haki ni madai mawili tofauti. Anayeombwa huruma anaweza kununua santuri na kuona kwamba amelipa. Anayedaiwa haki ni lazima ajiulize yeye yuko upande gani wa methali.

4.0 Wasikilizaji Watatu

Ili hoja hii ipimwe, inafaa kuwafikiria wasikilizaji watatu wa albamu moja.

Wa kwanza ni msikilizaji wa Sinza. Yeye anakaa katika mtaa wa mtunzi. Anajua ukumbi, anajua watu wanaotajwa, na wimbo unapofika kwenye sebene anainuka kucheza huku maneno aliyoyasikia dakika chache zilizopita yakiendelea kumfanyia kazi. Kwake hakuna pengo kati ya burudani na mawaidha.

Wa pili ni msikilizaji wa Ikutha, mji mdogo wa soko kusini mwa Kitui, kwenye barabara itokayo Kitui kwenda Kibwezi. Kiswahili ni lugha yake ya pili. Ya kwanza ni Kikamba. Hajapata kuiona Sinza. Hata hivyo haji kwenye wimbo akiwa mikono mitupu. Wakamba wana utanzu wa myali, nyimbo za kukosoa ambamo mwimbaji huyaanika makosa ya watu mbele ya jamii, na jamii humpa ruhusa ya kufanya hivyo kwa sababu anasema kwa wimbo. Aidha, Ukambani umetoa mwanamuziki aliyeonyesha namna sauti ya mahali pamoja inavyoweza kuingia katika Kiswahili: Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers, aliyefariki mwaka 1987, ambaye pamoja na nyimbo zake za Kikamba aliimba kwa Kiswahili na kusikika kote Kenya. Msikilizaji aliyelelewa na sanaa hizo anamtambua Remmy mara moja kuwa ni mkosoaji aliyepewa ruhusa.

Msikilizaji huyu pia anakutana na tatizo la jalada kwa namna yake. Akitaka kumweleza bibi yake maana ya mnyonge, neno la Kikamba litakalomjia upesi ni ngya, yaani maskini. Akilitumia hilo, atakuwa amefanya kosa lilelile la kichwa cha Kiingereza. Lakini yeye anaweza kujisahihisha. Katika nchi kame ambamo mvua ikikosekana watu hupanga foleni ya chakula cha msaada, anajua kwamba njaa ni jambo moja, na kusimama mbele ya mwenye orodha ya majina ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo unyonge. Kiswahili chake cha shule kinampa neno, na maisha yanampa maana.

Wa tatu ni msikilizaji wa Bath au London. Anasikia ubora wa magitaa, sauti nzito ya mwimbaji, na mkazo wa kiitikio. Anajua kutoka kwenye jalada kwamba nyimbo hizi ni za mtu maskini. Si haki kumdharau, kwa maana hisia anazozipata ni za kweli na bila yeye albamu isingerekodiwa. Lakini yeye amewekwa katika nafasi ya mtu anayesikia mazungumzo ya wengine kupitia dirishani.

Wasikilizaji hawa wanaonyesha kwamba mpaka wa matini haupiti palepale unapopita mpaka wa soko. Ikutha ilikuwa mbali na soko la Real World kuliko London, lakini ilikuwa karibu zaidi na wimbo.

5.0 Fani: Matini Inayomngoja Msikilizaji

Jambo linaloonekana wazi katika fani ya albamu hii ni kwamba matini zake hazijikamilishi. Zinamwachia msikilizaji sehemu ya kazi.

Mfano ulio dhahiri ni kichwa "Kipenda Roho". Hii ni nusu ya methali "Kipenda roho hula nyama mbichi." Mswahili akiisikia nusu ya kwanza, nusu ya pili inajitokeza yenyewe akilini, pamoja na ukali wa taswira ya nyama mbichi. Mtunzi hahitaji kuitamka. Kwa mgeni, kichwa hicho ni maneno mawili mazuri kuhusu mapenzi. Kwa mwenye lugha, ni mapenzi pamoja na gharama yake na lawama za watazamaji. Mbinu hii si ngeni kwa Remmy: "Ndumila Kuwili", wimbo wa kipindi cha kabla ya Real World, nao umejengwa juu ya usemi ambao Waswahili hukamilisha wenyewe.

"Muziki Asili Yake Wapi" ni swali. Mtunzi aliyezaliwa Kindu, anayepiga Dar es Salaam muziki wenye rumba ya Kongo na Kuba ndani yake, anauliza asili ya muziki katika studio ya Uingereza. Ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kwa swali hilo. Kwa kuwa ni swali, linamdai msikilizaji ajibu; nalo linaifanya lebo ya "muziki wa dunia", ambayo ndiyo iliyokuwa ikimuuza, ionekane kuwa jibu la haraka mno.

Zaidi ya hayo, "Nasikitika" ni kitenzi kimoja kinachobeba sentensi nzima. Kiambishi cha nafsi ya kwanza kinamleta msemaji mbele ya hadhira, kama ilivyo desturi ya dansi ambamo mwimbaji hujitaja na huwataja wenzake. Katika wimbo "Kifo", aliouimba kabla ya albamu hii, mbinu hiyo ya ana kwa ana inafikia kilele. Kifo kinasemeshwa kama mtu aliyesimama mlangoni. Tashihisi hiyo haikuazimwa katika vitabu. Imetoka katika maombolezo ya kawaida ya Kiafrika.

Hapa inafaa kuugusa mgogoro wa ushairi. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wahakiki wameshindana kuhusu vina na mizani: wapo walioviita uti wa mgongo wa shairi, na wapo walioviita pingu. Wakati ubishi huo ukiendelea madarasani, waimbaji wa dansi walikuwa wakitunga kila juma mashairi yasiyo na mizani ya kimapokeo, na maelfu ya watu waliyapokea bila kuuliza kama ni mashairi. Mapigo ya gitaa yalichukua kazi ya mizani, na kiitikio kikachukua kazi ya kina. Werner Graebner alikwisha kuzichambua nyimbo za Remmy mwaka huohuo wa 1989 katika jarida la Popular Music, akiuliza muziki huu ni wa nani. Ni jambo la kutafakari kwamba swali hilo liliulizwa kwanza kwa Kiingereza.

6.0 Hoja ya Usaliti

Kila bendi inayotoka katika kumbi ndogo kwenda kwenye kampuni kubwa hushtakiwa kwa usaliti. Mfano unaojulikana sana ni wa Green Day, bendi ya panki ya California. Bendi hiyo iliiacha lebo ndogo ya Lookout, na mwaka 1994 ikatoa Dookie chini ya Reprise, tawi la Warner. Albamu hiyo iliuza mamilioni ya nakala, na klabu ya 924 Gilman Street mjini Berkeley, ambako bendi ilikulia, ilikuwa imekwisha kuifungia mlango kwa kuwa kanuni zake hazikuruhusu bendi za kampuni kubwa. Hata hivyo lugha ya Dookie ilibaki ileile ya kijana aliyechoka na mtaa wake. Kilichobadilika ni nani anayepata faida.

Kesi ya Super Matimila haifanani na hiyo kikamilifu. Dar es Salaam ya mwaka 1989 haikuwa na lebo ndogo iliyosalitiwa. Kulikuwa na redio ya serikali na safari ya Nairobi. Kwa hiyo shtaka, kama lipo, haliwezi kuwa la kuhama kampuni. Ni lazima litafutwe ndani ya matini.

Likitafutwa katika Songs for the Poor Man, halionekani. Na mwaka uliofuata mtunzi alitoa ushahidi mkubwa wa kumtetea. Mwaka 1990, akiwa amekwisha kupata jina Ulaya, alitunga "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukiua na wakubwa wakiona haya kusema. Aliitumia tafsida ya soksi, neno la mtaani ambalo mcheza mpira na mama muuza maandazi wote walilielewa. Radio Tanzania haikuupiga. Wimbo ulienea kwa kanda na katika kumbi. Tafsida, ambayo kwa kawaida huficha, hapa ilifichua mno kwa masikio ya redio. Wimbo wa namna hiyo haukutungwa kwa ajili ya London.

Albamu ya Mambo ya mwaka 1992 ndiyo inayoleta mashaka. Ndani yake zimo nyimbo zilizoimbwa kwa Kiingereza, zikiwemo "One World" na "No Money, No Life". Tatizo si Kiingereza chenyewe. Remmy alikuwa amekwisha kuhama lugha mara moja: Kiswahili cha Kindu si Kiswahili cha Dar es Salaam, na uhamaji huo haukumpunguzia chochote. Tatizo ni kwamba vichwa hivi vimekamilika. "One World" inasema kila inachotaka kusema katika maneno mawili, na msikilizaji habakiwi na nusu ya methali ya kumalizia. "No Money, No Life" inampima mtu kwa fedha, yaani inamrudisha mnyonge kuwa maskini. Maana iliyoanzia kwenye jalada mwaka 1989 imeingia sasa ndani ya wimbo.

Inaweza kujibiwa kwamba mtunzi alikuwa na haki ya kueleweka na watu waliomlipa, na kwamba ujumbe wa ulimwengu mmoja si ujumbe mbaya. Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa maadili. Kwa upande wa sanaa halitoshi. Wimbo unaoeleweka na kila mtu kwa kiwango kilekile humlazimu mtunzi achague maneno ambayo hayana historia ya mahali popote, na nguvu ya Remmy ilikuwa katika maneno yenye historia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Songs for the Poor Man ni albamu yenye anwani mbili. Anwani ya nje, iliyoandikwa kwa Kiingereza, iliielekeza kwa mnunuzi mwenye huruma. Anwani ya ndani iliielekeza kwa mnyonge, na ilisomeka Sinza na Ikutha kwa sababu ilitegemea methali, tafsida na desturi ya mwimbaji mkosoaji. Mafanikio yake ya kisanaa yametokana na kutoziruhusu anwani hizo zichanganyike. Pale zilipochanganyika, mwaka 1992, lugha ilipungua uzito.

Remmy Ongala aliuacha muziki wa dansi katika miaka yake ya mwisho, akaimba nyimbo za Injili, na alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Sehemu kubwa ya kazi zake za miaka ya 1980 ilirekodiwa na Radio Tanzania, na kazi za wenzake wengi zimo katika santuri za Nairobi. Matini hizo zinahitaji kunukuliwa kwa uangalifu, kuwekewa maelezo ya kilahaja na kufundishwa bega kwa bega na diwani zilizochapishwa. Mwanafunzi wa uzamili atakayeifanya kazi hiyo ataanza vizuri akiwa na swali moja kwa kila wimbo: nani anayetarajiwa kuimalizia methali hii?